Nilichomwambia Karani Ulipokuwa Nje

Ngoie mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga watu wa kanisani, na ninavyowajua hawatakuachia mapema. Kila nyumba itataka unywe kitu. Basi nimesogeza vikombe pembeni, nimechonga kalamu ya risasi kwa kisu cha kukatia sabuni, na nina mchana mzima wa kukuandikia. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako. Isome leo, usiiweke ya kusomea njiani, maana mwishoni kuna jambo ninalokuomba, na jambo lenyewe ni la kesho.

Mambo ya chakula, ya maji ya kuchemsha na ya kufunga mlango wa mahali utakapolala sitayaandika. Shangazi yako amekwambia yote, mengine mara tatu, na nilikuona jinsi ulivyokuwa ukimwitikia huku unaangalia nje. Mimi nina neno moja tu ambalo hakuna mtu mwingine wa kukwambia. Baba yako alilijua, na baba yako hayupo tena.

Nianze na ile karatasi ya visa, maana bado inanishangaza. Tangu ulipoileta nyumbani nimeifungua sijui mara ngapi. Nanawa mikono, naifuta, naifungua. Naangalia ule mhuri wa rangi ya zambarau, naangalia picha yako uliyopigwa umevaa koti la kuazima, halafu nasoma tena pale walipoandika sababu ya safari: biashara. Muda: siku ishirini na moja. Mimi niliyekufundisha kuchuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi nyuma ya nyumba, ukiwa na urefu wa sufuria, sasa mwenye duka wa Ndola, kule Rodezia, amekuandikia barua kwamba sabuni yako ya mawese ameiona, ameinusa, amenawa nayo, na anataka uende ukaone mashine ya kuikata na kuipiga chapa, mkubaliane. Mwalimu alipotufasiria barua ile kutoka Kiingereza, nilimwambia arudie tangu mwanzo. Alirudia, na bado sikuamini.

Na yale maswali ya fomu! Nani amekualika? Utalala kwa nani? Nani atakulisha? Una kazi gani uliyoiacha nyuma? Utarudi lini? Hilo la mwisho lilinifanya nikae chini. Nchi nzima, yenye askari wake na migodi yake, inamuuliza mtoto wangu atarudi lini, mtoto wangu anaandika siku, na nchi inamwamini. Sisi tulipokuwa wasichana kule upande wa Kabongo, mtu akienda mbali tulimwangalia mpaka njia ilipomficha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza siku. 

Lakini wewe na mimi tunajua kwamba karatasi hiyo nusura isipatikane. Na tangu siku ile ofisini unanipa heshima zote, unanisalimia vizuri, unanitekea maji, ila mizaha yetu imekwisha. Huniiti tena bibi harusi ninapovaa kitambaa kipya. Nilidhani itapita, haikupita. Una haki, kwa sababu uliniuliza swali na mimi nikakujibu uongo.

Unakumbuka ilivyokuwa. Karatasi zako zilikuwa zimekwenda ofisi kuu ya Elisabethville, zikarudi na alama nyekundu pembeni, na tukaitwa sote wawili ofisi ya teritware, ile ya serikali ya wilaya. Karani Kabuya alifungua buku lako la kodi, akaweka kando yake cheti chako cha ubatizo, akaviangalia vyote viwili kwa muda mrefu. Ofisa wake alikuwa meza ya nyuma akiandika mambo yake.

"Mama," karani akasema, "buku ya kodi inasema huyu njo Ilunga, na anapita miaka makumi tatu. Karatasi ya misioni inasema njo Ngoie, na iko mudogo kwa miaka tatu. Kule Elisabethville beko nauliza: huyu muntu njo nani?"

Wewe ukacheka. Ukamjibu kwa furaha yako ileile: "Eh, papa karani, siye Baluba majina yetu iko mingi. Minyi njo Ilunga, minyi njo Ngoie. Muntu iko moya tu."

"Majina ata kumi, hakuna shida," akasema. "Lakini muntu moya hawezi kuzaliwa mara mbili."

Ukanigeukia mimi. Nilijua unangoja nicheke, niseme makarani wa zamani walikuwa hawajui kuandika, mambo yaishe. Sikucheka.  Karani akasema, taratibu kabisa, "Mama, weye njo ulimuzaa. Sema." Nami nikakuomba utoke nje. Uso wako ulibadilika, lakini ulitoka.

Nilipokuja nje ulikuwa umekaa juu ya baiskeli yako, hukuniangalia. Tulifika sokoni ndipo ukaniuliza: "Mama, ulimwambia nini ule karani?" Nikasema, "Makosa tu ya kuandika." Ukauliza, "Makosa ya nani?" Nikasema, "Ya zamani." 

Makosa yalikuwa yangu, mwanangu. Ilunga si jina lako. Ilunga ni kaka yako.

Pumua kwanza. Mimi pia nimeiacha kalamu kidogo, nikaenda kuangalia kuku, nikarudi.

Alizaliwa kabla yako, kijijini, baba yako akiwa kwenye kazi ya reli. Alikuwa na kichwa kikubwa na miguu myembamba, na tulimcheka sana. Alipoanza kutembea hakuwa anakwenda mbele. Alikuwa anazunguka mahali pamoja mpaka anaanguka, halafu anashangaa dunia inavyoendelea kuzunguka. Kabla hajafika hapo, alipokuwa bado ananyonya, karani wa kuandika watu alipita kijijini na buku lake. Akaandika jina la baba yako, langu, na chini yake Ilunga. Nilikuwa bado sijui kusoma, lakini nilisimama nyuma ya bega lake nikaangalia ile alama. Nilistaajabu kwamba mtoto wangu alikuwa amebaki mgongoni mwangu na papo hapo yuko mle ndani.

Alikuwa amekwisha kuacha ziwa homa ilipomkamata. Siku tatu tu. Wewe ulikuwa tumboni, ulikuwa umeanza kucheza. Nilipofungua mdomo nilie, wanawake wa nyumba ya mume wangu walinishika, mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Usilie," wakasema, "tumbo inasikia. Unataka na huyu arudie njiani?" Nikameza. Walimchukua, wakamzika, wakanikalisha jikoni na mgongo wangu ukielekea mlangoni. Sikumlilia siku ile, na ulipozaliwa wakasema tena nisimlilie, maana mtoto aliyekuja nyuma ya marehemu hasikilizishwi habari yake. Jina lake halikutajwa mbele yako. Kwetu ilikuwa hivyo, na mimi nilishika zaidi ya wote, kwa kuwa nilikuwa na hofu zaidi ya wote.

Karani wa kuandika watu akarudi ukiwa na mwaka na nusu. Tulipangwa mstari uwanjani. Anaita jina kutoka kwenye buku, mtu anajibu, anaweka alama. Alipomaliza jina langu akaita, "Mutoto Ilunga. Iko wapi?"

Ngoie, nimekiishi kitambo kile mara nyingi sana. Wewe ulikuwa mgongoni, umelala, jasho lako limelowesha nguo yangu. Nilipaswa kusema maneno mawili. Lakini kuyasema ilikuwa ni kulitaja jina lake na kifo chake kwa pamoja, kwa sauti, mbele ya mgeni mwenye kalamu, wewe ukiwa umeegemeza sikio lako kwenye uti wangu wa mgongo. Halafu angeuliza ni watoto wangapi nimezaa, wangapi wamebaki, na nani kwetu alikuwa akihesabu watoto kwa sauti?  Wote walijua, na wote walikuwa wananiogopea.

Nikageuka nikamwonyesha mgongo. "Njo huyu," nikasema.

Akainua macho. "Iko mudogo."

"Anagonjwagonjwa," nikasema.

Akaweka alama, akaita jina la mwingine. Mama mkwe wangu aliyekuwa nyuma yangu akashusha pumzi. Siku ile nilijiona mwerevu. Nilifikiri nimekupitisha chini ya mkono wa kifo na hakikukuona, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kumchukua Ilunga na Ilunga huyu hapa, hai, analala. Unaona hesabu za mama wa miaka ishirini.

Jumapili nilikuwa misioni nikiimba kwa nguvu kwamba siogopi kitu. Mke wa mchungaji ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, naye akaiandika siku yako sawasawa kwenye buku la kanisa, Ngoie Yoane. Kwa hiyo mbele ya Mungu ulikuwa wewe, na mbele ya serikali ulikuwa kaka yako. Nami nilikuwa nakwenda na kurudi katikati yao bila kusema.

Tulipohamia hapa Kamina nilidhani tumeyaacha kule. Ukaingia shule. Siku moja ulirudi na kibao chako, umeandika ILUNGA kwa herufi kubwa, nzuri, ulikuwa umesikia mtu akikuita hivyo walipokuwa wakisoma majina ya familia za walipa kodi. Ulikuja kunionyesha ukicheka. Nikakupiga kofi, kibao kikaanguka kikapasuka. Ulikuwa na miaka saba. Ulilia kwa kutoelewa, si kwa maumivu, na mimi nikakwambia nimekupiga kwa sababu umechelewa. Hukuwa umechelewa, na hakuna siku niliyokuomba msamaha. Naomba leo.

Lakini kofi ni dogo. Nifike kwenye lililo kubwa.

Mwaka ule walipoita vijana waliofikisha umri waende kutengeneza barabara, jina la Ilunga liliitwa. Kwa buku alikuwa ametimiza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, shingo yako nyembamba, na mwalimu alikuwa amekwisha kusema unafaa kuendelea mpaka uwe mwalimu mwenyewe. Mtu mkubwa anayelipa kodi hakai kwenye dawati, ndivyo ilivyokuwa. Ulimwendea baba yako. Ulimwambia aende kwa chefu, mtawala wetu, aseme wewe bado mtoto, kila mtu anaona wewe bado mtoto. Naye hakwenda.

Nataka ujue kilichotokea ulipokuwa umetoka. Baba yako alikuja jikoni, kofia yake ya reli mkononi. Akasema, "Kama unataka, minyi naenda leo leo. Lakini bataniuliza Ilunga iko wapi. Njo weye utasema. Minyi siwezi kukusemea ile." Nilitikisa kichwa. Hakunilazimisha. Alikaa pale kwenye kinu kilichopinduliwa, akazungusha kofia, halafu akatoka nje ulipokuwa ukimngoja.

Nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia: "Baba, weye unaogopa chefu." Na nilimsikia akikubali, "Njo vile."

Hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyewahi kuingia chini ya behewa lililotoka kwenye reli kumvuta mwenzake, nawe ulisimuliwa na watu wengine kwa sababu yeye hakusimulia. Alibeba neno lako kwa ajili yangu. Ukaenda barabarani, ukarudi viganja vimechubuka, hukurudi shule tena, na toka siku ile ulizungumza na baba yako kama mtu anavyozungumza na mwenye nyumba. Alipokuwa anaumwa mara ya mwisho nilimwambia nitakueleza. Akasema, "Mama Ngoie, usijisumbue, yee alishaka kuwa mukubwa." Nikakubali haraka, kwa kuwa ilinifaa mimi. Wewe umemzika baba yako ukidhani alikuwa anamwogopa chefu. Kama kuna kitu kimoja ninachotaka ukiache hapa Kamina kesho, ni hicho.

Sasa turudi ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Karani Kabuya alikuwa ameweka mikono miwili juu ya meza. "Mama, sema tu, minyi niko nasikia." Nikasema, "Ilunga alikufwa." Yalikuwa yale maneno mawili ya uwanjani. Yalitoka kwa sauti ndogo, mpaka akainama akaniomba nirudie. Nikarudia. Nilikuwa nangoja jambo fulani litokee, paa lipasuke, au nikusikie umeanguka huko nje. Nilisikia tu kengele ya baiskeli yako. Ulikuwa unaichezea kwa sababu ya kukasirika.

Akamweleza ofisa wake kwa Kifaransa. Ofisa alikuja mbele, akavuta kiti, akauliza kupitia karani maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Alikufwa wakati gani?"

"Bantu balikuwa bakipanda karanga."

"Nani alimuona?"

"Minyi. Alikuwa ku mikono yangu."

"Alikuwa anatembea?"

Nikasema, "Alikuwa anazunguka." Karani alinitazama, akafasiri, na ofisa akaacha kuandika kidogo. Halafu akaeleza kwamba hawezi kuandika kuzaliwa kwako mpaka aandike kwanza kufa kwa mwingine, kwa kuwa katika buku nafasi ni moja. Ndiyo sheria. Kwanza mmoja atoke, ndipo mwingine aingie.

Mwanangu, nimeona treni ya kwanza ikiingia hapa Kamina. Nimeona ndege zikishuka kule kwenye kambi ya askari. Sijawahi kuona kitu kilichonishangaza kama kalamu ile. Ilichukua mstari mmoja kumwandika mtoto wangu amekufa, na mstari mmoja chini yake kukuandika wewe umezaliwa, kwa wino uleule, mkono uleule, haikufika muda wa chai kupoa. Wewe mtu mzima mwenye ndevu, mwenye sabuni zinazosifiwa Rodezia, umezaliwa mchana wa Alhamisi, mbele yangu, sikupata hata uchungu. Na yeye akafa mchana huohuo, mbele yangu, mara ya pili. Nilikuwa nimemweka hai kwa uongo miaka yote hiyo. Nilimlipia kodi. Nilimtoa shule mtoto aliye hai ili yule asiye hai abaki kwenye buku.

Nikaomba nione jina lake. Sasa najua kusoma, nilijifunza kwa ajili hiyo hasa, ingawa niliwaambia watu ni kwa ajili ya nyimbo. Karani aligeuza buku. Nikaweka kidole. "Mama," akasema, "wino haiyakauka." Nimechafua buku la serikali, Ngoie, mkia wa ile herufi ya mwisho umekwenda pembeni kwa sababu yangu. Hakunigombeza. Na mimi, mwanamke aliyeishi kwa kutengeneza sabuni, nilikaa siku tatu nikila kwa mkono wa kushoto ili kidole kile nisikioshe. Uliniuliza kama nimejikata. Nikasema ndiyo.

Ulipoitwa ndani ukaambiwa tu kwamba buku limesahihishwa, sasa wewe ni Ngoie, na umri wako ndio huu mpya. Ulifurahi kupunguziwa miaka. Ulimtania karani kwamba sasa unaweza kuoa polepole, halafu ukanitangulia kutoka bila kuniangalia. Ikapita miezi miwili, mwenye duka wa Ndola akawa mvumilivu, karatasi zikaenda tena Elisabethville, zikarudi bila alama yoyote nyekundu, na visa ndani. Jina lako. Siku yako. Hakuna mwingine kwenye karatasi ile ila wewe. Naifungua kila siku kwa sababu hiyo.

Sitakwambia ukaishije. Ningekuwa najua kuishi ningesema pale uwanjani. Nimejifunza kitu kimoja tu, na nimekilipia kwa kitu chako, si changu: nilidhani nikinyamaza ninakulinda wewe, kumbe kila mara niliyekuwa namlinda ni mimi mwenyewe. Wewe ukiona naelekea kunyamaza tena, nitingishe. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi; baba yako, mzee wa watu, mwache. Na ukiona huwezi kuniaga kesho kwa moyo mweupe, niage kwa huo ulio nao. Nitaelewa.

Sasa lile ninalokuomba.

Kesho kwenye gari la moshi nitalia. Sisemi machozi ya kufuta kwa ncha ya kitambaa. Nitalia kama walivyolia mama zetu, kwa sauti, na mikono kichwani, na pengine nitakaa chini kwenye vumbi la stesheni. Watu hawatashangaa, kwa sababu mama anayesindikiza mtoto ana ruhusa ya kulia. Shangazi yako atanishika begani aseme, "Mama Ngoie, aibu! Siku makumi mbili na moya tu!" Watu wa kanisa watatazamana. Watasema mwanamke huyu anampenda mwanawe kupita kiasi. Waache waseme.

Nimetafuta mahali pa kumlilia Ilunga muda wote huu, sijapata pengine. Kaburi lake sikuonyeshwa. Siku zake za matanga zilipita mimi nikiwa nimezibwa mdomo. Sasa tumbo halina mtu wa kusikia, na wewe umekwisha kujua.

Kwa hiyo nikianza, usishuke. Nakujua, utataka kushuka. Usininyooshee mkono dirishani, usiniite. Kaa kwenye kiti chako, shika karatasi yako, acha gari liondoke na mimi nibaki nikilia. Wewe sikulilii, Ngoie. Wewe unarudi.

Mama yako